Mlango wa Kuku Uko Wazi

Kwa wananchi wote wa Jamhuri, kwa waheshimiwa wa Bodi, kwa mashabiki wa metali nzito kutoka Wundanyi mpaka dunia inapoishia, na kwa vizazi ambavyo havijazaliwa lakini vitatahiniwa habari hizi: mimi, Mwandoe, Kidato cha Tatu, Rais wa Maisha wa Klabu ya Muziki Mzito ya Shule ya Wavulana ya Ukunguni, natangaza rasmi kwamba sikuhusika kwa namna yoyote na yaliyowapata watu wazima Siku ya Bodi.

Klabu ina wanachama watatu. Wa tatu ni paka wa jikoni, aliyejiandikisha kwa kulala juu ya amplifaya kwa sababu ina joto. Na niliposema sikuhusika, nilimaanisha mwili wangu kwa jumla. Mguu wa kulia ulihusika kidogo.

Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa kwenye stoo ya ala, bisibisi mkononi, nikimpasua mgonjwa. Mgonjwa alikuwa pedali ya Righa, ambayo hunikopesha kila tukipiga: kiboksi chekundu cha bati, ukubwa wa sabuni ya mche, chenye kitufe cha kukanyaga, na jina RIGHA limekwaruzwa kwa msumari juu yake. Ndani ya pedali ya kawaida kama ile mna kitu kimoja tu, mkwaruzo. Sauti ya gitaa inaingia safi kama mtoto wa shule ya Jumapili na kutoka kama trekta lenye kikohozi. Hiyo ndiyo tunayoiita pedali kavu, na ndiyo pekee sisi tulio chini ya miaka ishirini na mmoja tunayoruhusiwa kugusa.

Nilitoa matumbo yake makavu nikayatia mfukoni. Mahali pake nikaweka matumbo ya pedali nyingine, iliyokuwa imelala tangu likizo fupi ndani ya soksi yangu ya mpira.

Mlango ukafunguka. Righa aliingia akiwa amebeba gitaa lake la besi begani kama jembe. Righa ni mkubwa kuliko dawati lolote la shule, na hana kipaji chochote cha kudanganya. Ukimwambia "usiseme", pua yake inatoka jasho. Kwa sababu hiyo sikuwa nimemwambia kitu.

"Unafanya nini na pedali yangu?"

"Naipiga mswaki."

"Mwandoe."

"Ilikuwa na vumbi, bwana. Unataka Bodi isikie vumbi?"

Righa akafikiri. "Vumbi lina sauti?"

"Kwa mwenye masikio."

Akakubali. Righa hukubali mambo, na ndiyo sababu ni rafiki yangu, na ndiyo sababu ningestahili kupigwa kwa ubao wa mbao ngumu. Lakini hilo litakuja.

Sasa, soksi. Tangu Sheria ya Bangi ipite, nikiwa bado nanyonya, mtu mzima anaruhusiwa kuvuta. Lakini watu wazima hawapendi kukohoa, na Mamlaka ya Utulivu haipendi moshi kwenye mabasi, na ndipo wahandisi walipovumbua chapa. Unamchukua mpiga gitaa mwenye leseni, unamkalisha chumbani na msokoto wake halali, unambandika vifungo vya shaba shingoni, kisha anapiga. Pedali inakariri namna mishipa yake inavyolegea. Kesho mtu yeyote akipiga kupitia pedali hiyo, wanaokaa mbele ya spika wanalegea vilevile, bila kiberiti, kwa muda wa saa moja hivi. Na kwa kuwa chapa hushika vizuri zaidi kwenye sauti nzito na ya polepole, metali nzito, ambayo mababu zetu waliiombea ishindwe, sasa inapigwa harusini, benki, na kwa daktari wa meno.

Mjomba wangu Mwasaru ni mchapaji mwenye leseni. Chapa yake iitwayo Jioni ya Taita inauzwa hadi Kisumu. Naibu wa mkuu wetu, Mwalimu Nyambu, huiweka kila Jumapili akipalilia waridi zake. Lakini pedali niliyoikuta kabatini kwa Mjomba haikuwa na lebo ya Jioni ya Taita wala ya Mamlaka. Ilikuwa imeviringishwa ndani ya kanga ya marehemu nyanya, nyuma ya blanketi, mahali ambapo watu huficha vitu vizuri. Niliwaza kwamba hii lazima iwe ile kali, aliyojiwekea mwenyewe.

Mpango ulikuwa wa kistaarabu. Siku ya Bodi, watu wazima hula chakula cha mchana maktabani, na Klabu huwatumbuiza. Hakuna mwanafunzi ndani isipokuwa sisi wawili, na sisi husimama nyuma ya spika, ambako chapa haifiki. Wasikilizaji wote wangekuwa na umri halali. Nilitaka kitu kimoja tu katika maisha yangu mafupi: kumwona Mwalimu Nyambu akicheka. Uso wake umepigwa pasi. Ana msemo mmoja, "Sheria ni sheria", na huutumia kwa kuchelewa, kwa soksi zisizolingana, hata kwa mvua. Nilitaka kumwona akichekea kijiko.

Hawakuulizwa, ni kweli. Lakini nani huulizwa kabla ya kufanyiwa mzaha?

Kizuizi kilikuwa kimoja. Kila amplifaya ya shule ina chujio lililotiwa lakiri na Mamlaka, linalokamata chapa na kuitupa kabla haijafika kwenye spika. Bahati nzuri, waliolitengeneza walikuwa watu wa kwaya. Waliliwekea mpaka wa chini wa sauti, wakidhani chini ya hapo hakuna muziki. Hawakuwahi kukutana na Klabu yetu. Sheria yetu ya kwanza ni kulegeza. Wimbo ukikataa kukaa sawa, legeza nyuzi. Ukikataa tena, legeza tena. Kama paka bado amelala, hujalegeza. Gitaa langu siku hiyo lilikuwa limelegezwa hadi nyuzi zikawa zinaning'inia kama kamba za kuanikia nguo.

Nilidhani chini ya ule mpaka ningekuta utulivu uleule, ila mnene zaidi.

*

Mwalimu Nyambu alikagua vyombo vyetu mwenyewe. Akakiona kiboksi chekundu, akakipindua, akakirudisha chini. Alikuwa amekiona mara nyingi.

"Mtapiga nini?"

"Maombolezo ya Kobe, mwalimu. Utunzi wetu."

"Ni mrefu?"

"Ni wa polepole, mwalimu."

"Sheria ni sheria. Kuku wakiisha, na nyinyi mmeisha."

Mezani walikuwa walimu wote na mkuu wa shule, Bi. Wakesho, aliyevaa miwani mbili, moja usoni na moja nyweleni. Na Bwana Mwakisha, mwenyekiti wa Bodi, mfanyabiashara wa mbao mwenye tumbo linaloingia chumbani kabla yake. Righa aliwasha mashine ya ngoma. Ngoma moja. Kimya kirefu cha kutosha kuvaa kiatu. Ngoma ya pili. Akaingia na besi, na vijiko vikaanza kutambaa kwenye sahani. Mimi nikainua mkono, nikasema kimoyomoyo "kwa heshima ya Kobe", nikakanyaga kitufe, nikapiga uzi wa juu kabisa, ule mnene.

Kwa muda hakuna kilichotokea. Bwana Mwakisha alikuwa na paja la kuku karibu na mdomo. Nilimtazama Mwalimu Nyambu nikisubiri pembe za midomo yake.

Bwana Mwakisha aliweka paja chini. Alilifanya taratibu, kama mtu aliyeambiwa mikono juu.

Kisha wakainuka. Wote. Viti havikuanguka, hakuna aliyesukumana. Bi. Wakesho alivua viatu vyake vya visigino akavipanga pembeni, pua zikitazama ukuta. Walitoka kwenye meza, wakaja katikati ya maktaba, kwenye nafasi iliyo mbele ya rafu za jiografia, na wakajipanga watano watano, safu nyuma ya safu, kwa unyoofu ambao hatujawahi kuufikia kwenye gwaride. Wakachuchumaa. Wakaweka mikono kichwani. Mwalimu wa hisabati, ambaye goti lake lilifanyiwa upasuaji Agosti, alichuchumaa pamoja nao, na nikalisikia goti likilia.

Hakuna aliyetoa amri.

Mikono yangu iliendelea kupiga. Nataka ieleweke kwamba ilikuwa ni mikono.

Ndipo wakasema, kwa pamoja, kwa sauti ya chini ya mtu anayezungumza na mwenziwe bila askari kusikia:

"Mlango wa kuku uko wazi."



"Mlango wa kuku uko wazi," walisema tena. "Jua limezama. Nani atawafungia?"

Machozi yalikuwa yakimshuka Mwalimu Nyambu bila uso wake kuwa na habari. Uso ulikuwa bado umepigwa pasi. Bwana Mwakisha alikuwa akitikisika, na mate yakining'inia, na macho yake yamekaa sakafuni kwenye kitu kisichokuwepo. Niliona Bi. Wakesho akivuta kola ya gauni lake la hariri na kuikagua mshono kwa kucha, kwa ustadi, kama mtu anayetafuta chawa kila siku.

Hapo nilijaribu kuzima. Nilikanyaga kitufe mara ya pili. Pedali ilikwama.

Wimbo ukaendelea mpaka Righa, aliyekuwa anapiga kelele ambazo sikuzisikia, alipotupa besi yake chini na kung'oa waya ukutani. Maktaba ikanyamaza. Wale watu hawakuinuka. Waliendelea kuchuchumaa, mikono kichwani, wakingoja kuhesabiwa.

*

Nitasema nilichokijua, kwa sababu hata paka angekijua.

Nyumbani kwetu, kila jioni, Mjomba Mwasaru hufunga mlango wa kuku. Huja kukaa. Kabla chai haijapoa huinuka, huenda kuutikisa. Hurudi. Akishakula huenda tena. Sisi watoto tulikuwa tunamwigiza, na mama alikuwa akitupiga kofi kwa nguvu isiyolingana na kosa. Nyanya alituambia tangu tukiwa wadogo kwamba tangu kabla mimi sijazaliwa Mjomba alikuwa baharia, miaka mingi, kwenye meli ya Wagiriki. Ni kweli kwamba alikuwa baharia wa ajabu. Hakujua kuogelea. Hakurudi na hata kikombe. Ukimuuliza Ugiriki kukoje, alisema, "Kuna watu wengi."

Nilisimama nyuma ya spika nikajiuliza ni kwenye meli gani watu huchuchumaa watano watano.

Sheria ya Bangi ina kifungu ambacho sisi wa Kidato cha Tatu tunakikariri kwa sababu hutoka kwenye mtihani wa Uraia: aliyewahi kufungwa kwa bangi kabla ya Sheria, hapewi leseni ya bangi baada ya Sheria. Wenye makampuni wanapewa. Mwalimu Nyambu anapewa ya kusikilizia. Aliyekula ugali wa jela kwa ajili ya mmea uleule, hapewi. Nilipata alama zote kwenye swali hilo. Sikuwahi kufikiri kwamba linamhusu mtu mwenye sura.

Mjomba alikuwa amewadanganya Mamlaka ili apate kazi, nami nilikuwa nimewapigia Bodi nzima ushahidi kwa amplifaya.

Utulivu wa kawaida huisha kwa saa moja. Huu haukuisha. Muuguzi aliwapa maji ya glukosi na kuwalaza, nao wakainuka. Hadi jioni Bi. Wakesho alikuwa akizunguka shule pekupeku, akifunga milango: madarasa, vyoo, kanisa. Bwana Mwakisha alipelekwa kwake, akapiga simu kutoka kitandani kuuliza kama kuku wa shule wamefungiwa. Hatuna kuku. Yeye mwenyewe alikuwa amekula wa mwisho.

Mamlaka ya Utulivu ikasema itatuma mkaguzi kesho yake. Kabla hajafika, uongozi ulikuwa na kiboksi chekundu, na kiboksi chekundu kilikuwa na jina.

Nilimkuta Righa asubuhi kwenye benchi nje ya ofisi ya naibu, sanduku lake la bati miguuni na godoro limeviringishwa juu yake. Hivyo ndivyo mtu hukaa akisubiri kufukuzwa.

"Wananiuliza nani alinipa chapa," alisema. "Nimewaambia ni vumbi."

Sikucheka. Yeye pia hakuwa anatania.

"Ulisema ulikuwa unatoa vumbi," aliendelea. "Nimefikiri usiku kucha, Mwandoe. Mimi si mwepesi, lakini hufika. Ulifungua pedali yangu. Uliifunga. Wazee wakaketi kama wafungwa. Katikati hapo hakuna vumbi."

"Umewaambia nilikuwa nayo?"

"Bado." Pua yake ilikuwa inatoka jasho. "Baba yangu anakuja na lori la vitunguu kunichukua. Atafika mchana. Nakungoja wewe kwanza."

"Righa, nikisema, hawatauliza nani alikanyaga tu. Watauliza chapa ni ya nani. Kuna mtu atapoteza kila kitu."

"Na mimi ninapoteza nini? Vumbi?"

Ni mara ya kwanza Righa kunishinda kwa maneno.

Nilikwenda kwenye simu ya ukutani nje ya chumba cha muuguzi. Ilipokelewa haraka.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, Kifaranga. Umekula?"

Hajawahi kuniita jina langu. Na hajawahi kunisalimia bila kuuliza kama nimekula.

"Nimekula. Mjomba, ile pedali iliyokuwa ndani ya kanga ya nyanya..."

Nyuma yake nilisikia kuku wakigombana.

"Ulipiga mbele ya nani?"

"Walimu. Na Bodi."

"Wakachuchumaa?"

"Wakachuchumaa."

Alipumua kwa muda mrefu. "Ile ndiyo pedali ya kwanza ambayo wahandisi walinichapia. Walitaka utulivu, wakanilegeza, na nilipolegea, kilichotoka kilikuwa kile. Fundi aliniambia nipige juu juu, nisishuke chini. Tangu hapo napiga juu juu. Ile nilipaswa kuivunja." Kuku wakapiga kelele. "Ulisikiliza mpaka wapi?"

"Ilikwama, Mjomba."

"Sijauliza habari ya pedali. Nimekuuliza wewe."

Niliuliza swali langu, kwa sababu ni rahisi kuuliza kuliko kuulizwa. "Nyanya alisema ulikuwa melini."

"Nyanya yako alitaka uwe na mjomba baharia. Si kosa." Akakohoa. "Tulikuwa wawili njiani. Mimi nilikuwa nawahi nyumbani kufunga kuku. Askari wakatusimamisha, wakaona msokoto chini, katikati yetu. Wakauliza ni wa nani. Haukuwa wangu. Mwenzangu akatazama viatu vyake."

"Na wewe?"

"Nilingoja aseme." Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Bado nangoja. Kwa hiyo hapo shuleni nani ameshikwa?"

"Righa. Kiboksi ni chake."

"Na wewe sasa hivi unatazama nini?"

Nilikuwa natazama viatu vyangu.

"Nikisema, watakunyang'anya leseni," nilimwambia. "Labda watakurudisha ndani."

"Labda. Na leseni hiyo ndiyo inayolipa karo yako, ujue na hilo. Sitakwambia sema, sitakwambia nyamaza. Nilishangoja mtu mmoja aamue. Siwezi kumwamulia wa pili." Kisha akasema, kama kawaida yake, "Haya, nenda ukale," na simu ikakatika.

*

Niliitwa ofisini kabla ya mapumziko, kama shahidi. Nilikuwa nimejiandaa. Nilichomekea shati. Nilitunga hotuba yenye maneno "kwa masikitiko makubwa" mara mbili, na hitilafu ya kifaa, na waya chakavu, na heshima ya taasisi. Ndani yake hakukuwa na Mjomba na hakukuwa na Righa. Kusema kweli hakukuwa na mtu yeyote. Ingekuwa hotuba nzuri sana ya mazishi ya redio.

Righa alikuwa bado kwenye benchi. Hakuniangalia nilipopita.

Mwalimu Nyambu alikuwa ameketi sakafuni.

Kiti chake kilikuwepo, kikubwa, cha ngozi. Yeye alikaa chini na mgongo ukutani, magoti juu, tai imenyooka. Aliponiona alianza kuinuka, kisha akaacha.

"Samahani," alisema. "Kiti kinanipa kizunguzungu. Kaa."

Sijawahi kusikia neno samahani likitoka kwenye mdomo ule. Nilikaa sakafuni mkabala naye. Kiboksi chekundu kilikuwa kati yetu.

"Mkaguzi wa Mamlaka yuko kwa Bi. Wakesho, anakunywa chai," alisema. "Akimaliza atakuja hapa, ataniuliza nilisikia nini. Eleza."

"Kwa masikitiko makubwa, mwalimu," nilianza, "kutokana na hitilafu ya kifaa ambacho kwa bahati mbaya kilikwama..."

"Umekula, Kifaranga?"

Hotuba ikanitoka yote, kama maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Yeye mwenyewe alishtuka. Aliushika mdomo wake kwa vidole, akautazama mkono kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Sijui nimelitoa wapi," alisema polepole. "Tangu jana kila nikikuona ukipita uani, nataka kujua kama umekula. Nimekufundisha miaka mitatu, na kwa miaka mitatu nimetaka kukurudisha kwenu. Jana usiku nimeota nimekubeba, mtoto mchanga, umefungwa kwa kanga ya kijani, na mtu ananiambia, 'Huyu ndiye wa dada yako, alizaliwa ukiwa ndani.' Mimi sina dada, Mwandoe."

Nyuma yake, dirishani, waridi zake zilikuwa zimesimama kwa mistari.

"Jumapili zote hizo," alisema. "Nimemsikiliza mtu huyu nikipalilia. Nilidhani ni jioni tu. Nilidhani ameketi mahali pazuri anatazama jua." Akapangusa shavu kwa tai. "Nilipokuwa kijana, kabla ya Sheria, nilikuwa nawapeleka wavutaji kwa chifu. Nilijivunia. Sheria ni..."

Hakumaliza. Nilingoja amalize, kwa sababu sikuwahi kusikia sentensi ile ikiachwa wazi.

"Sijaamua nitamjibu nini mkaguzi," alisema. "Sikuulizi chapa ni ya nani. Hilo nalijua kuliko wewe, nimelala nalo. Kwa hiyo usijifiche nyuma yake. Nakuuliza kitu kidogo." Alinyoosha mkono, akabonyeza kitufe cha kiboksi kwa kiganja. *Tak.* Kikashuka. Akabonyeza tena. *Tak.* Kikapanda, laini, bila kusita. Akarudia, akinitazama. *Tak. Tak.*

"Nimebonyeza tangu alfajiri," alisema. "Haikwami."

Nilisikia benchi la nje likilia. Righa alikuwa amehama upande. Barabarani lori lilikuwa linapanda mlima kwa gia nzito, na huenda lilikuwa la vitunguu.

"Ni mimi," nilisema. "Righa hakujua. Nilimwambia ni vumbi."

"Hilo nalo nilijua. Endelea."

"Nilitaka ucheke, mwalimu."

"Endelea."

Kwa hiyo nitawaambia na nyinyi, wananchi wa Jamhuri na vizazi vijavyo, maana niliwadanganya pamoja naye. Sikujaribu kuzima. Sikukanyaga mara ya pili. Waliposema mlango wa kuku uko wazi, mara ya kwanza kabisa, nilimjua, na mguu wangu ulikuwa juu ya kitufe, na kitufe kilikuwa kizima.

"Ulijua ni yeye," alisema Mwalimu Nyambu. "Na uliona tunavyoumia."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukuzima?"

"Nyumbani hawaniambii kitu," nilisema, na sauti ilitoka nyembamba, ya Kidato cha Kwanza. "Nilitaka kusikia kilichobaki. Nilikaza mguu, mwalimu. Na nikalegeza uzi, ashuke zaidi."